Dunia kwa Krediti 18

Kila mwaka barua za udahili zikishatoka, simu yangu huanza kupokea ujumbe wa namna moja. Mtoto wa fulani kapata nafasi Marekani, kapata na msaada wa ada, fani kuu kachagua uhasibu au kompyuta, na sasa katika kupekua katalogi ya chuo kaona kitu kinaitwa maina ya masomo ya kimataifa, maina ikiwa ni fani ndogo inayosomwa pembeni ya fani kuu. Je, achukue? Inadai nini? Ina faida gani? Safari hii aliyeuliza ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na kauliza kwa ujumbe wa sauti mrefu ambao nusu yake ni kelele za bodaboda. Nimemjibu kwa vipande vipande, mwisho nikaona bora niyaandike yote mahali pamoja, ili atakayefuata nimtumie hapa.

Tuanze na hesabu, maana Wamarekani wenyewe huanza na hesabu. Digrii ya kwanza kwao ni krediti 120 hivi, zinazomalizwa kwa miaka minne. Krediti moja ni saa moja darasani kila wiki kwa muhula mzima wa wiki 15 au karibu na hapo, na inategemewa kila saa ya darasani uifuatishe na saa mbili za kusoma mwenyewe. Kozi nyingi ni krediti 3. Kozi za lugha za mwanzo huwa 4 au 5, kwa sababu mnaonana karibu kila siku. Fani kuu inakula sehemu kubwa ya hizo 120, masomo ya lazima kwa wote yanakula sehemu nyingine, na katika kinachobaki ndimo maina inamoingia. Nyingi ni kati ya krediti 15 na 24. Yangu ilikuwa 18, yaani kozi sita.

Masharti yenyewe yanafanana toka chuo hadi chuo kiasi kwamba ukishasoma ya kimoja umesoma ya vingi. Kozi moja ya utangulizi. Kozi mbili tatu za kuchagua katika makundi: siasa na uchumi wa dunia, utamaduni na jamii, eneo fulani la dunia. Baadhi ya hizo ziwe za ngazi ya juu, yaani kozi zenye namba 300 kwenda mbele. Pengine semina ya kumalizia yenye andiko refu. Lugha ya kigeni. Katika baadhi ya vyuo, muda wa kusoma nje ya nchi. Wastani usishuke chini ya C.

Mtu anaweza kuyatimiza yote hayo kwa wepesi na akatoka mikono mitupu. Nimewaona. Anachukua kozi ya vyakula vya dunia, kozi ya filamu za dunia, kozi ya muziki wa dunia, anapata A zake, na ukimuuliza Benki ya Dunia iko chini ya nani anakutazama tu. Masharti hayamzuii, kwa sababu yanahesabu krediti na hayapimi mzigo. Sehemu moja tu haichezewi, nayo ni lugha. Hapo hakuna kubahatisha. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mdogo wangu ulianzia huko, na makala hii itakaa huko kuliko kwingine.

Lakini kwanza, kwa nini kitu hiki kipo? Mwanafunzi wa Dar anayesoma uhasibu haambiwi na mtu ajifunze Kireno. Kwa nini kijana wa Nebraska ashawishiwe kujifunza Kiswahili?

Jibu fupi ni Warusi. Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, na Washington ikashikwa na fadhaa. Mwaka uliofuata, Septemba 1958, Rais Eisenhower akatia saini sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Watu huikumbuka kwa hisabati na sayansi, ila sura yake ya sita ilitoa fedha za kufundisha lugha na kuanzisha vituo vya kusomea maeneo ya dunia. Mbegu zilikuwapo tayari: mwanaanthropolojia Melville Herskovits alikuwa ameshaanzisha programu ya masomo ya Afrika pale Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1948, na Chuo Kikuu cha Boston wakafuata 1953. Fedha za serikali ndizo zilizozistawisha. Kwa miongo mingi baada ya hapo Kiswahili kilikaa katika orodha ya lugha ambazo raia wa Marekani angeweza kulipiwa kuzisoma. Raia, au mkazi wa kudumu. Mimi niliyezaliwa Lushoto nisingepata senti ya fungu hilo hata ningekuwa gwiji wa tenzi, na sina kinyongo. Fedha zilikuwa za ulinzi wao.

Nayasema haya kwa sababu ukijua asili ya masharti unayasoma vizuri zaidi. Yaliandikwa kwa mtu ambaye dunia iko ng'ambo na yeye yuko nyumbani. Wewe umekwishavuka. Kila sharti itabidi ulisome kwa kuligeuza.

Sasa lugha. Kanuni ya kawaida inataka ufikie kiwango cha kati cha lugha ya kigeni, yaani mihula minne, au uthibitishe kwa mtihani kwamba umeshafika. Kwa Mmarekani aliyelelewa kwa Kiingereza peke yake, hapo ndipo penye jasho. Kwa mtu aliyekua akiongea Kisambaa na bibi, Kiswahili na kila mtu, na Kiingereza na karatasi ya mtihani, ungedhani sharti limetimia kabla hajapanda ndege.

Nilikwenda ofisi inayohusika na lugha pale chuoni. Mama aliyekuwa mezani alikuwa mpole kweli, hakuna ninachomlaumu. Akafungua kanuni kwenye skrini, akaifuatisha kwa kalamu: anasamehewa lugha ya kigeni mwanafunzi aliyesoma sekondari kwa lugha isiyo Kiingereza. Akatazama karatasi zangu. Shule ya sekondari, Tanzania, lugha ya kufundishia: Kiingereza.

"Lakini Kiswahili hiki hapa," nikamwonyesha kwenye cheti cha kidato cha nne. "Nilifaulu vizuri."

"Naona. Hilo ni somo. Kanuni inauliza shule."

Nikamweleza kwamba shule ya msingi, miaka saba, kila kitu kilifundishwa kwa Kiswahili, hisabati na sayansi humo humo. Akafurahi, akauliza kama ninayo transkripti, yaani orodha rasmi ya alama, ya shule ya msingi. Nani duniani anayo transkripti ya shule ya msingi? Ya kwetu ilikuwa daftari kubwa la mwalimu wa darasa, na sidhani kama lilinusurika paa lilipoanza kuvuja.

Tukaenda kwenye mitihani. Ule wa CLEP, ambao wanafunzi wa huko hufanya ili kuruka kozi, una Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, basi. Mitihani ya AP ya sekondari zao ina lugha nyingi zaidi, hata Kilatini, ambacho hakuna mtu anayenunulia mkate, ila Kiswahili hakimo. Upo mtihani wa mahojiano wa ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, unaongea na mtahini kwa simu anakupima kiwango, na Kiswahili kimo. Huo unaulipia mwenyewe, na matokeo yakitoka chuo ndicho kinachoamua kama yanaleta krediti au msamaha tu.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu wengi wanateleza. Msamaha na krediti ni vitu viwili. Msamaha unafuta sharti, haukupi kitu. Ikiwa maina yako ni krediti 18 na 6 kati ya hizo zilipangwa kutoka katika lugha, ukisamehewa lugha bado unadaiwa 6 za kozi nyingine. Watu wanatoka ofisini wanashangilia msamaha, kisha muhula wa mwisho wanagundua wamepungukiwa na kozi mbili. Uliza swali hili kwa maneno haya haya: nikisamehewa, krediti zinatoka wapi?

Kuna njia ya mkato ambayo kila Mswahili aliyesoma kule ameiwaza: kujiandikisha Kiswahili cha mwaka wa kwanza. Ukae pale nyuma wenzako wakijifunza "hujambo", uvune A yako ulale. Chuoni kwetu alikuwapo mwalimu wa Kiswahili, mama wa Mombasa, mtu wa makamo, kanga yake begani hata siku za baridi. Nilimwendea ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Wataka kujifunza au wataka kupumzika?"

Sikuwa nimesema neno jingine. Akacheka, akaniambia darasa la wanaoanza haniweki, kwa sababu mwenye lugha akikaa kati ya wanaoanza wote hunyamaza. Akanipa njia nyingine mbili. Darasa la juu la fasihi anaweza kuniingiza, maana mimi nilikuwa mtu wa mchepuo wa sayansi na ushairi niliuacha kidato cha nne. Au nije Ijumaa niwe mtu wa kuongea nao mazoezi. "Krediti sikupi," akasema, "chai nitakupa." Nilikwenda kwenye chai Ijumaa nyingi. Kozi ya fasihi niliichukua mwaka wa tatu, ikahesabiwa kama kozi ya utamaduni, na ilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea. Mmarekani mmoja wa darasa lile alijua vina na mizani kunishinda, na hakuona haya kunionyesha.

Kwa sharti la lugha nikachagua Kifaransa. Mihula minne, tangu mwanzo kabisa.

Wenzangu wa nyumbani waliniona nimechanganyikiwa. Fani yangu kuu ilikuwa takwimu, mzigo ulikuwa mzito wa kutosha, na ningeweza kubanana na ofisi ile hadi wanisamehe. Kihispania kingekuwa chepesi zaidi na Marekani kina watu. Nilichokuwa nakitazama mimi ni ramani ya kwetu. Tanzania imepakana na nchi nane, na mashariki ni bahari. Ukisimama Kigoma, ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Ukipanda kaskazini ni Burundi. Pale bandari ya Dar, mzigo wa Kongo ni biashara ya kila siku. Malori yanapanda Tunduma, yanapita Zambia, yanaingia Katanga, yanarudi na shaba. Kongo wenyewe wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tunajisifu kwamba mashariki ya Kongo wanaongea Kiswahili, na ni kweli wanaongea. Ila hapo ndipo tunapojidanganya, na mimi niliyaona hayo Marekani.

Mji ule wa chuo ulikuwa umepokea familia nyingi za Wakongo waliokuja kama wakimbizi, wengi wao wakipitia kambini Tanzania, Burundi na Uganda. Jumamosi kadhaa tulikuwa tunakwenda kuwasaidia watoto wao masomo ya nyumbani. Mama mmoja wa Uvira alinizoea. Siku moja akaleta bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, akaimwaga mezani: hati za kuzaliwa za watoto, cheti cha ndoa, vyeti vyake vya shule, kila karatasi na mhuri wake wa zambarau na saini iliyopinda. Alikuwa anatafuta kazi ya kulea watoto katika shule ya awali, na waliomhoji walitaka kujua amesoma hadi wapi. Tulikuwa tunaongea Kiswahili raha mustarehe, yeye cha Uvira, mimi cha Tanga. Karatasi zote zile, hata moja haikuwa na neno la Kiswahili. Zote Kifaransa. Bila ile mihula miwili niliyokuwa nayo wakati ule, ningekaa pale na Kiswahili changu fasaha nisiweze kumwambia kama alichoshika ni cheti cha darasa la sita au diploma.

Nikamsomea kwa sauti, kwa lafudhi ya darasani. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mwanangu, ile Kifaransa yako iko ya kitabu. Kule kwetu mtu akisema hivyo, watamuuliza kama yeye ni padri." Tangu siku hiyo akawa ananisahihisha, na matamshi niliyonayo leo ni yake zaidi kuliko ya profesa.

Basi hiyo ndiyo hoja yangu kwa anayetoka Afrika Mashariki. Ukipewa sharti la lugha, usilikwepe kwa Kiswahili hata kama chuo kitakuruhusu. Chukua lugha ya makaratasi ya jirani: Kifaransa, Kireno, Kiarabu. Chuo kinakupa mwalimu, maabara ya lugha na wenzako wa kuumia nao, vyote ndani ya ada ambayo umeshailipa au umeshalipiwa. Ukirudi nyumbani na kazi na watoto, hutazipata tena saa zile.

Masharti mengine nitayapitia haraka zaidi, isipokuwa moja.

Kozi ya utangulizi haiepukiki, nayo ni kozi nzuri hata ikifundishwa na mtu aliyechoka. Inaanza na mfumo wa madola, inapita vita viwili vya dunia, inafika kwenye ule mkutano wa Bretton Woods wa mwaka 1944 ambako wajumbe wa nchi 44 walikaa hotelini New Hampshire wakaunda IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, na Benki ya Dunia. Kwa Mtanzania hapo ndipo usingizi unapokatika. Wengine darasani IMF ni herufi tatu za kukariri. Wewe umekulia katika nyumba ambayo wazazi waliutaja mwaka 1986, Tanzania ilipokubali masharti ya IMF, kama watu wanavyoitaja gharika: kabla ya masharti na baada ya masharti.

Halafu kuna kundi la eneo, ambako unachagua bara au sehemu ya dunia. Kishawishi cha kuchagua Afrika ni kikubwa, kwa sababu unadhani utapumzika. Mimi nashauri kozi moja tu ya Afrika, si zaidi, na uichukue kwa ajili ya kujua wanavyokusoma. Nyingine peleka Asia au Amerika ya Kusini. Nilijifunza zaidi juu ya Ujamaa kwa kusoma mashamba ya pamoja ya China na mageuzi ya ardhi ya Mexico kuliko kwa kusoma juu ya Tanzania yenyewe.

Kozi ile moja, hata hivyo, usiiache. Yangu ilikuwa juu ya siasa za chakula. Siku ya somo la msaada profesa akatugawia ukurasa wa sheria waliyoizoea kwa namba, PL 480 ya mwaka 1954, iliyoruhusu serikali ya Marekani kutoa na kuuza nje ziada ya nafaka ya wakulima wake kwa masharti nafuu. Kennedy alikuja kuibandika jina la Chakula kwa Amani. Profesa akachora mshale toka katikati ya Marekani hadi nchi za njaa, akauliza kama kuna mtu ana la kusema. Nikasema mshale huo mwisho wake ninaujua jina: unga wa Yanga. Ikabidi nieleze. Miaka ile ya njaa, katikati ya miaka ya 1970 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, mahindi ya njano yalipoingia Tanzania, watu waliuita ugali wake ugali wa Yanga, kwa rangi ya jezi. Mama alikuwa akisimulia foleni ya duka la kijiji, mfuko uliochapwa mikono miwili inayosalimiana, na bibi aliyekataa katakata kuula akisema huo ni wa kuku. Mashabiki wa Simba, nikaongeza, waliula kwa uchungu mara mbili.

Darasa likacheka, na kijana mmoja wa mstari wa mbele hakucheka. Babu yake alikuwa mkulima wa mahindi hapo hapo jimboni. Alisema nyumbani kwao hadithi ilikuwa kwamba babu alilisha Afrika. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kuna bibi alikataa kula. Tulikaa kantini mchana ule tukibishana kama babu yake alifanya wema au alifanyiwa biashara. Kwangu mimi somo la kimataifa lilikuwa pale mezani, na hilo hakuna sharti linaloweza kuliandika kwenye katalogi.

Kusoma nje ya nchi. Hapa ndipo utakapocheka. Unatoka Lushoto, unavuka bahari, unafika katikati ya mashamba ya mahindi, halafu unaambiwa ili ukamilishe maina yako unahitaji uzoefu wa kuishi katika nchi ya kigeni. Wenzangu Wamarekani walilitimiza sharti hili Arusha na Zanzibar, wakanitumia picha za chipsi mayai. Vyuo vingi vina busara: ukiwasilisha ombi, wanakubali kwamba mwanafunzi wa kimataifa yuko nje ya nchi tayari. Vingine vinataka ubadilishe kwa kozi moja ya ziada. Liulize swali hili mwaka wa kwanza, na jibu lipate kwa maandishi, kwa barua pepe, toka kwa mtu mwenye mamlaka ya maina yenyewe. Mshauri wa masomo anaweza kuhama kazi. Barua pepe haihami. Na kama kweli unataka kwenda muhula mmoja Senegal au Jordan, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, maana viza ya mwanafunzi, F-1, na ile karatasi ya chuo ya I-20 zina kanuni zake za kutoka na kurudi, na afisa wa uhamiaji uwanja wa ndege hatakuuliza habari za maina.

Tukiwa hapo hapo kwenye viza, liko jambo ambalo wazazi wanapaswa kulisikia. Kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, OPT, kinafuata fani kuu. Kazi lazima ihusiane moja kwa moja na fani kuu yako; maina haihesabiki. Kibali hicho ni miezi 12, na wenye fani kuu za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuomba nyongeza ya miezi 24. Kwa hiyo kijana anayesitasita kati ya fani kuu ya takwimu yenye maina ya masomo ya kimataifa, na fani kuu ya masomo ya kimataifa yenye maina ya takwimu, anachagua pia urefu wa muda atakaoruhusiwa kufanya kazi. Mimi nisingeligeuza. Wapenda diplomasia watanuna, lakini kodi ya nyumba haijali mapenzi. Na kumbuka kwamba mwenye F-1 lazima awe na krediti zisizopungua 12 kila muhula, na kozi ya mtandaoni inayohesabiwa humo ni moja tu. Usipange kumalizia maina kwa kozi za mtandaoni ukiwa umelala.

Mambo madogo yanayouma: uliza ni kozi ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa mara mbili, katika fani kuu na katika maina, mara nyingi ni moja au mbili, na ukizitumia vizuri unaokoa muhula. Kozi uliyochagua kufanya bila alama, ya kufaulu au kufeli tu, kwa kawaida haiingii kwenye maina. Krediti ulizoleta kutoka chuo kingine zina kikomo. Na maina haijiandikishi yenyewe: hata kama umemaliza kozi zote sita, kuna fomu, na wakati wa kuomba kuhitimu kuna mahali pa kuitaja. Usipoitaja, haitatokea kwenye transkripti. Kwenye cheti chenyewe cha ukutani mara nyingi haitokei hata ukiitaja, kwa hiyo mwambie mjomba mapema asije akaitafuta.

Si lazima mtu aende Marekani kwa haya yote. Chuo kikuu cha USIU cha Nairobi kinafuata mfumo huo huo wa krediti, na kina fani ya uhusiano wa kimataifa. Na kama moyo wako uko kwenye diplomasia yenyewe, kipo Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, nchi mbili zinazogawana mto Ruvuma, ingawa upande wa pili lugha ya makaratasi ni Kireno.

Hilo la Msumbiji ndilo lililomgusa mdogo wangu. Amenijibu kwamba fani kuu ni uhasibu, maina ataichukua, na lugha anataka Kireno. Nimeangalia ratiba ya chuo chake. Kireno cha kwanza kinafundishwa muhula wa Agosti peke yake, kundi ni moja, saa mbili asubuhi siku nne kwa wiki, na chini yake kuna maandishi madogo kwamba kozi inaweza kufutwa wanafunzi wasipofikia idadi. Nimemwambia siku usajili unapofunguliwa asianze na uhasibu, ambao una makundi mengi na hautafutwa. Aanze na Kireno, halafu amtafute mwenzake mmoja wa bwenini amshawishi waandikishe pamoja.